Onyo Lililogeuzwa Pambo



Ukitaka kulinyamazisha onyo, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kumziba mdomo mwenye kuonya: kumfunga, kumfukuza, au hata kumwua. Njia hii ni ya kale, na wenye nguvu wameitumia katika kila zama. Lakini ina hasara yake, kwani watu huona, huuliza, na onyo huzidi kuenea. Njia ya pili ni nyepesi, haihitaji askari wala jela. Nayo ni kulichukua onyo lenyewe, kulitia rangi za kupendeza, kulichapa juu ya kitu cha bei ndogo, na kuwauzia watu wale wale waliokuwa wakionywa, mpaka waliguse kila siku wala wasijue wanagusa nini.

Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili, na ushahidi wangu ni kitu kidogo mno: kijamvi cha mausi ya kompyuta.

Usicheke, ndugu yangu. Kijamvi hicho kiko Mlali, chini ya milima ya Uluguru, katika njia iendayo Mgeta. Kimo ndani ya mojawapo ya vile vibanda vya steshenari ambako vijana huenda kuchapisha barua, kutoa fotokopi, na kujaza maombi ya kazi na ya mikopo ya chuo. Kilikuja pamoja na kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo. Juu yake pamechapwa jumba la kifalme lililojaa nakshi, mfalme mzee mwenye joho zito, na juu ya ncha ya mnara amekaa jogoo wa rangi ya dhahabu. Ukiuliza picha hii ni ya nini, utajibiwa kuwa ni picha ya Wazungu. Ukiuliza ina maana gani, utajibiwa kuwa ni pambo tu. Na mausi hupita juu ya kichwa cha mfalme yule tangu asubuhi hata jioni.

Mwenye kibanda sina ugomvi naye. Yeye anatafuta riziki ya halali, na kijamvi kinamfaa kwa kazi yake. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu sote ya kutazama bila kuuliza, na nia yangu ni kukuonyesha hasara inayotokana nayo.

KISA CHENYEWE

Picha ile yatokana na michoro iliyofanywa kwa ajili ya opera ya Kirusi iitwayo Jogoo wa Dhahabu. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa. Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki.

Palikuwa na mfalme aitwaye Dodon. Katika ujana wake alikuwa akiwashambulia jirani zake, na alipozeeka alitaka kustarehe. Lakini wale aliowadhulumu hawakusahau, wakawa wanamjia huku na huku. Siku moja akafika mbele yake mnajimu mzee, akampa jogoo wa dhahabu, akamwambia: mweke juu ya mnara, pakiwa na amani atatulia, na hatari ikikaribia atawika na kugeukia upande inakotoka. Mfalme akafurahi mno, akaapa kumpa mzee yule chochote atakachokitamani, wala hakuweka mpaka.

Jogoo akafanya kazi yake. Mfalme akalala usingizi. Baadaye jogoo akawika, wana wawili wa mfalme wakaenda vitani, wakauana wao kwa wao. Mfalme mwenyewe akaenda, akakuta maiti za wanawe. Na hapo hapo akatokea malkia mzuri wa Shemakha, naye Dodon akasahau msiba, akamchukua malkia kwake ili amwoe. Walipofika mjini, mnajimu akaja kudai ahadi yake. Akamtaka malkia. Mfalme akakataa, akaghadhibika, akampiga mzee kwa fimbo yake ya enzi hata akafa. Hapo jogoo akaruka kutoka juu ya mnara, akamdonoa mfalme kichwani, na mfalme akafa.

Hebu litazame jambo hili kwa makini. Jogoo yule aliwekwa kutazama mipaka, na kila mtu aliinua macho kutazama mbali kumtafuta adui. Kumbe adui alikuwa ndani ya jumba, katika ulimi wa mfalme mwenyewe. Siku ya hofu aliahidi kila kitu. Siku ya kulipa akaona kuwa anayemdai ni mkosaji.

Huenda msomaji akasema: lakini huyo mdai alikuwa mnajimu, na unajimu kwetu umekatazwa, tena alidai mwanamke kana kwamba ni bidhaa. Ni kweli. Hatumsifu mnajimu, wala dai lake hatulisifu. Ndiyo maana kosa la kwanza la Dodon ni kule kuahidi bila mpaka. Mwenye akili huahidi kitu anachokijua, kwa kiasi anachokiweza, katika jambo lililo halali. Kosa la pili ni kumwua aliyekuja na dai, hali angeweza kulijadili kwa haki. Ubaya wa mdai haukumhalalishia mdaiwa kumwaga damu.

KISA KILIVYOSAFIRI

Na usidhani kuwa kisa hiki ni cha Warusi peke yao. Mtunzi wa opera, Rimsky-Korsakov, alikitoa katika utenzi wa Pushkin alioutunga mwaka 1834. Na huyo Pushkin, ambaye Warusi humhesabu kuwa mshairi wao mkubwa, alikuwa kitukuu cha Mwafrika, Abram Gannibal, aliyechukuliwa angali mtoto akapelekwa Istanbul, kisha Urusi katika zama za Tsar Peter.

Pushkin naye alikitoa wapi? Kwa karibu miaka 100 wasomaji wengi wa Urusi walidhani ni ngano ya mababu zao. Mwaka 1933 mshairi wa kike, Anna Akhmatova, ndiye aliyeonyesha asili yake: ni kitabu cha Mmarekani Washington Irving kuhusu Alhambra, kilichotoka mwaka 1832. Irving alikaa katika jumba la Alhambra, mjini Granada huko Hispania, mwaka 1829, akaandika ngano alizozinasibisha na Waislamu waliotawala mji ule mpaka mwaka 1492. Mojawapo ni ya mfalme mzee wa Granada na mnajimu Mwarabu aliyetoka Misri. Bila shaka Irving alitia chumvi yake, na Pushkin akatia yake. Hata hivyo sura ya Mwarabu yule mzee haikufutika, na Shemakha iliyotajwa katika kisa ni jina la mji wa Waislamu, ambao leo uko katika nchi ya Azerbaijan.

Basi tazama ajabu: kisa chenye mfalme wa Granada na mzee wa Misri kimepita Marekani, kikapita kwa kitukuu cha Mwafrika huko Urusi, kikaimbwa, kikachorwa, kikachapwa juu ya kijamvi, kikafika Mlali. Na kilipofika tukakiita picha ya Wazungu.

MKASI WA TSAR

Opera hii haikutungwa ili watu wastarehe tu. Mwaka 1905 Urusi ilikuwa imetoka kushindwa na Japani vitani, na askari wa Tsar walikuwa wamewafyatulia risasi raia waliokwenda kutoa malalamiko yao mjini St. Petersburg. Rimsky-Korsakov aliwaunga mkono wanafunzi waliopinga, akafukuzwa kazi katika chuo cha muziki alichofundisha. Baada ya hapo ndipo alipoitunga Jogoo wa Dhahabu, akaimaliza mwaka 1907. Mfalme mvivu anayepigana vita vya kijinga na kuvunja ahadi: nani asingelijua anasemwa nani?

Wakaguzi wa serikali walijua. Wakaizuia, wakataka maneno yabadilishwe. Mtunzi alibishana nao, akafariki mwezi Juni 1908 bila kuiona ikichezwa. Ilichezwa mwezi Oktoba 1909 mjini Moscow, mkasi wa wakaguzi ukiwa umekwisha pita. Na michoro ya jukwaa ilikuwa ya Ivan Bilibin, ambaye naye alikuwa na habari yake: mwaka 1906 alichora punda ndani ya fremu yenye alama za kifalme katika gazeti la mzaha, gazeti likafungwa na mchoraji akakamatwa. Bilibin huyo huyo baadaye aliishi Misri, tangu mwaka 1920 hata 1925, kisha Ufaransa, akarudi kwao, na mwaka 1942 akafia Leningrad wakati mji ulipozingirwa na majeshi ya Wajerumani.

Hiyo ndiyo mikono iliyoifanya ile picha. Mmoja alifukuzwa kazi, mwingine alikamatwa. Walijua kuwa kuchora mfalme na jogoo kwaweza kumpeleka mtu jela.

JOGOO WA KAMPALA

Ikiwa waona mambo haya yako mbali, njoo karibu. Mwaka 1971 Byron Kawadwa wa Uganda alitoa mchezo wa kuimba uitwao Oluyimba lwa Wankoko, maana yake Wimbo wa Bwana Jogoo. Ulihusu fitina za kugombania ukubwa katika jumba la kifalme. Mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos, Nigeria. Kawadwa aliporudi Kampala alitekwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa mwaka huo huo.

Jogoo wa Moscow na jogoo wa Kampala hawakujuana. Lakini watawala wa pande zote mbili walifahamu kwa hakika kwamba kisa kinauma. Tsar alikiogopa na Amin alikiogopa. Hawakusema kuwa ni pambo tu. Ni sisi, tusiotishwa na askari yeyote, ndio tunaosema hivyo.

Na hapa ndipo lilipo shauri langu. Mkasi wa Tsar ulikata maneno machache, na watu wakazidi kutaka kujua. Biashara ya mapambo haikukata hata neno moja. Imechapa picha yote kwa rangi zake, jogoo na taji na nakshi, ikaacha nje kisa. Kisa kikiachwa nje, anayenufaika ni yule kisa kilichomlenga: mvunja ahadi. Sasa aweza kuketi mezani, akaweka mkono juu ya jogoo, akaandika ahadi ya uongo, wala hakuna kitu kinachomshtua.

MANENO YA WAPINZANI

Najua nitakayoambiwa. Wa kwanza atasema: hiki ni kitu kidogo, mbona wakitengenezea makala? Namjibu kuwa moyo wa mtu haufi kwa pigo moja. Hufa kwa kuzoea vitu vidogo. Aliyezoea kutazama picha asiulize, kesho husoma mkataba asiulize, na kesho kutwa husikiliza hotuba asiulize.

Wa pili atasema: hayo ni mambo ya Warusi, sisi yatuhusu nini? Namjibu kuwa maradhi haya yamekwisha ingia kwetu. Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za bei ndogo, na kabla ya kufa kwake mwaka 1972 alikuwa amekwisha wafundisha wengine. Leo wanyama wa mtindo wake wamo juu ya vikombe, sinia na vitambaa vya watalii. Mwulize mwuzaji: huyu fisi anamfanya nini sungura? Wengine watakueleza vizuri. Wengi watakutajia bei.

Wa tatu atasema: afadhali tuziondoe picha zote. Huyo hoja yake ni nyingine, na wanazuoni wamekwisha andika mengi juu ya picha za viumbe. Mimi namkumbusha tu kuwa kuondoa kijamvi hakutamrudishia mtu masikio. Meza tupu haimfundishi mtu kutimiza neno.

Kisha tuna mfano wetu mzuri, nao ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa. Hakuna mwanamke wa pwani wala wa bara anayenunua kanga kwa maua peke yake; lazima aulize: inasemaje? Akiona jina halifai huirudisha, hata kama rangi zimempendeza. Mama zetu, wengine wasiojua kusoma, humtaka mtu awasomee kabla ya kutoa fedha. Je, sisi tuliosoma tumeshindwa kuuliza swali hilo moja?

DODON WA MLALI

Sasa tuliache jumba la mfalme, tutazame shambani. Mlali ni nchi ya nyanya na mboga. Mkulima wa hapo hahitaji kufundishwa maana ya mali kauli: unatoa mali leo kwa kauli ya mnunuzi, fedha zije baadaye. Nyanya haingoji, ikiiva leo, baada ya siku chache imeharibika. Kwa hiyo matenga hupakiwa kwa neno tu. Wapo wafanyabiashara waaminifu ambao neno lao ni fedha taslimu, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini yupo pia yule ambaye alfajiri shambani huwa mpole, humwita mkulima baba, huahidi bei ambayo hata mkulima mwenyewe hakuitaja. Gari likishaondoka, simu haipatikani. Akipatikana, husema soko lilikuwa baya, nyanya zilioza njiani, na wewe mzee una maneno mengi. Huyo ni nani kama si Dodon? Alikuwa mnyenyekevu siku ya haja, akawa mkali siku ya kudaiwa.

Wala tusimwonee mfanyabiashara peke yake. Yuko mgombea anayewaahidi watu maji na barabara, na akishapata kiti humwona mwenye kumkumbusha kuwa mchochezi. Yuko mwajiri anayemwambia kijana fanya kazi kwanza, mshahara tutazungumza. Na tuko sisi waume. Ni wangapi kati yetu waliotaja mahari mbele ya mashahidi, wakasema nusu sasa na nusu baadaye, na hiyo baadaye imefika miaka ishirini? Mke akiuliza huambiwa hana adabu. Mahari ni deni, ndugu yangu, na ahadi ni deni. Kaisome Sura ya Bani Israil, aya ya 34, uone kuwa ahadi itaulizwa. Na hapo hapakutajwa kuwa wafalme ndio watakaoulizwa peke yao.

Tena jogoo kwetu si ndege wa mzaha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitukataza kumtukana jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Mwenye kuamsha hatukanwi. Lakini iko dharau nyingine iliyo mbaya kuliko tusi, nayo ni kumsikia anawika, ukasema: sauti nzuri, kisha ukageuka upande wa pili ukalala.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulize. Kila picha iliyomo nyumbani, shuleni, dukani na mezani kwa kompyuta, tuulize inasemaje, kama tunavyouliza jina la kanga. Kijana wa steshenari ana mashine mbele yake inayoweza kumpa habari za Dodon kwa dakika chache. Ni jambo la kuhuzunisha kukaa juu ya kisima na kufa kwa kiu.

Pili, tusimulie. Bibi na babu wa Uluguru walikuwa na ngano zao za jioni, na watoto walijua sungura ana ujanja gani na fisi ana uchu gani, na nani katika kijiji anafanana na yupi. Ngano zile zilikuwa mahakama ya wanyonge. Leo mtoto amjua sungura kwa picha iliyo kwenye mfuko wake wa shule, lakini hana kisa chake. Mzazi akimsimulia mtoto kisa kimoja kwa juma, baada ya mwaka mtoto ana visa zaidi ya 50, na hakuna mkasi utakaovitoa kichwani mwake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tupime ahadi zetu. Usiahidi kwa hofu wala kwa furaha. Ahidi kwa hesabu. Taja kiasi, taja siku, andika, weka shahidi. Hiyo steshenari yenye kijamvi cha jogoo ndiyo mahali pazuri kabisa pa kuchapisha karatasi ya mapatano baina ya mkulima na mnunuzi. Itagharimu fedha kidogo, na itaokoa mavuno ya msimu. Na siku ya kulipa ikifika, usimtazame mdai kama ni adui. Yeye hakukuvamia, wewe ndiwe uliyemwita kwa ulimi wako.

Mfalme Dodon alipewa mlinzi asiyelala, akamweka juu kabisa ambako kila mtu angemwona, lakini yeye mwenyewe hakujifunza kitu kwake. Sisi tumempokea jogoo yule yule, tukamweka chini ya kiganja. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia neno wakalizingatia, na wanaotoa ahadi wakaitimiza. Amin.